Neno la Daktari wa Mifugo

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, mbele ya vijana waliohitimu udaktari wa mifugo



Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Halmashauri iliniagiza niwape vijana hawa shauri litakalowafaa siku watakapoanza kazi yao ya kwanza. Nimekubali kwa furaha, lakini nimeomba nisiseme nao faraghani. Mengi nitakayowaambia hayawezi kutendeka kama ninyi wazee na wanachama hamtayakubali pia. Basi sehemu ya hotuba hii ni yao, na sehemu ni yetu sote.

Wanachama wanajua ya kuwa baadhi ya vijana hawa walisoma kwa msaada wa Chama. Sanduku la karo lilipopungua, wako waliouza mbuzi ili kijana wa jirani asirudishwe nyumbani. Masomo ya udaktari wa mifugo huchukua miaka mitano, na baada yake sheria ya mwaka 2011 yamtaka kila daktari asajiliwe na Bodi na kupata leseni kabla hajagusa mnyama wa mtu kwa malipo. Ni njia ndefu, na ni haki yetu kufurahi. Lakini furaha hiyo ina hatari ndani yake, nami nitaitaja mahali pake.

Kwanza yafaa tukumbuke kazi hii imewafanyia nini watu. Wazee waliohadithiwa na babu zao walijua jina la sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaua ng'ombe wengi mno, na njaa ikafuata katika nchi ya Wamasai na kwingineko. Baadaye, katika miaka ya 1950 na 1960, Walter Plowright na wenzake waliokuwa Muguga, karibu na Nairobi, walitengeneza chanjo iliyo salama na yenye gharama ndogo. Sotoka ilionekana kwa mara ya mwisho duniani mwaka 2001, katika nyati wa Mbuga ya Meru, hapa hapa Kenya. Na mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba imekwisha ulimwenguni. Hakuna ugonjwa mwingine wa wanyama uliofutwa namna hiyo mpaka leo.

Chanjo ile isingefaa kitu kama mfugaji asingekubali kuwatoa ng'ombe wake zizini wachomwe sindano na mtu asiyemjua. Alikubali kwa sababu aliliamini neno la yule aliyekuja. Hilo ndilo jambo moja ninalotaka mlichukue, vijana wangu: mali ya kwanza ya daktari wa mifugo ni neno lake. Sindano hununuliwa, pikipiki hununuliwa, hata elimu huongezwa. Lakini neno likikwisha kuvunjika, hakuna duka liuzalo jingine.

Neno hilo lajengwa namna gani? Nianze na masikio.

Mgonjwa wenu hasemi. Atakayewaambia habari zake ni yule anayeishi naye. Mkifika katika boma, mara nyingi mwenye nyumba ndiye atakayejibu maswali, kama ilivyo desturi, na ni wajibu kumheshimu. Lakini yuko mwingine amesimama nyuma, mama au binti, ambaye ndiye amkamuaye ng'ombe huyo asubuhi na jioni. Yeye ndiye ajuaye maziwa yalianza kupungua siku gani, na ni chuchu ipi iliyotoa mabonge kwanza. Mwombeni mzee ruhusa kwa adabu, kisha mwulizeni mama. Kadhalika mtoto achungaye: ndiye aliyeona ng'ombe alikula nini, na alikunywa maji wapi.

Wala msidhani ya kuwa elimu yote iko Kabete. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1931, kutokana na kondoo waliokufa karibu na Ziwa Naivasha. Lakini ugonjwa huo ulipolipuka tena mwishoni mwa mwaka 2006, wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki, ambao huuita sandik kwa ajili ya damu itokayo puani, walikuwa wamekwisha kuona mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi, na wanyama kutupa mimba, kabla ya onyo rasmi kutolewa. Mpaka mlipuko ule ulipokwisha mwaka 2007, watu zaidi ya mia moja walikuwa wamekufa nchini. Kumsikiliza mfugaji mapema ni dawa pia.

Baada ya masikio, ulimi. Jifunzeni kusema maneno haya bila aibu: "Sijui bado, nitachunguza." Kijana aliyetoka chuoni huogopa ya kuwa akisema hivyo watu watamdharau. Kwa hiyo hutaja ugonjwa wa kwanza unaomjia kichwani, huchoma dawa, hupokea fedha, na huondoka. Ng'ombe akifa siku ya tatu, boma lile limefungwa kwake, na maboma kumi ya jirani pia.

Nitatoa mfano mmoja mnaoujua vizuri. Ng'ombe ana homa, hali, amezubaa. Huenda ni ndigana baridi, huenda ni ndigana kali, na zote mbili huletwa na kupe. Lakini dawa za jamii ya tetrasaiklini, ambazo husaidia katika ndigana baridi, haziiponyi ndigana kali iliyokwisha kushika. Mara nyingi mwenye ng'ombe amekwisha kununua dawa hizo dukani na kuzichoma mwenyewe siku mbili kabla hajawaita. Basi shikeni tezi ya chini ya sikio na ile ya mbele ya bega, pimeni joto, chukueni damu na maji ya tezi, mpeleke kwenye darubini. Jambo hilo huchukua muda, na mwenye ng'ombe atanung'unika. Mwacheni anung'unike. Kuuliza si ujinga, na kupima si udhaifu.

Katika shida hiyo mtakuwa na msaada ambao wengi huudharau. Katika kituo chenu cha kwanza mtamkuta msaidizi wa mifugo aliyefunzwa katika chuo cha AHITI, ambaye huenda amezunguka vilima vile miaka ishirini. Shahada yenu ni kubwa kuliko cheti chake, na kwa sheria ninyi ndio mtakaowajibika. Lakini yeye anajua ni njia gani haipitiki wakati wa masika, ni boma gani hulipa, na ni kisima gani kila mwaka hufa wanyama karibu nacho. Mwamkieni kwanza, mwulizeni kwanza.

Zitakuja pia siku za sifa, nazo zina mtego wake. Mtaitwa kwa ng'ombe aliyezaa jana, amelala chini, shingo imepinda ubavuni, masikio baridi. Ni homa ya maziwa. Mtampa dawa ya kalsiamu katika mshipa, na huenda kabla ya saa moja kupita atasimama na kutembea. Watu watapiga vigelegele, na kesho yake watasema mmefufua ng'ombe. Furahini, lakini kumbukeni ya kuwa dawa ile ile ikiingizwa kwa haraka husimamisha moyo. Aliyesifiwa jana ndiye aelekeaye kufanya haraka leo. Kila mara ipeni polepole, sikilizeni moyo, kama kwamba ndiyo mara yenu ya kwanza.

Sasa niseme juu ya fedha. Zamani Serikali iliwaajiri wahitimu wote. Utaratibu huo ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1980. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Baadhi yenu mtaajiriwa huko, wengine mtafanya kazi kwa watu binafsi, na wengine mtafungua ofisi zenu. Popote mtakapokuwa, tajeni gharama kabla ya kufungua chupa. Mwambieni mwenye mnyama: dawa ni kiasi hiki, safari ni kiasi hiki, na tumaini la kupona ni dogo au ni kubwa. Tena akiwa na ng'ombe mmoja tu, na tumaini ni dogo, mwambieni wazi kama yafaa kutumia fedha hizo au la. Ukweli huo utawakosesha malipo ya siku moja, na utawapa mteja wa miaka thelathini. Andikeni kila kitu: tarehe, mnyama, dawa, kipimo, na deni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa daktari, hata kinga yake mbele ya Bodi ni daftari.

Na mkimtibu ng'ombe wa maziwa kwa dawa za kuua vijidudu, tajeni siku ambazo maziwa yake hayatauzwa wala kunywewa, kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Msiseme kwa sauti ya chini wakati mnapanda pikipiki. Semeni mara mbili, tena mwandike kwenye karatasi na kuiacha kwa mama akamuaye. Najua maziwa hayo ndiyo sukari na sabuni ya nyumba ile. Lakini mtoto wa mjini atakayeyanywa naye ni mtoto wa mtu.

Bwana Mwenyekiti, sasa nafika kwenye hatari niliyoitaja mwanzoni.

Daktari wa mifugo ana mabwana watatu: mnyama, mwenye mnyama, na watu wote ambao hawakumwita, lakini watakula nyama, watakunywa maziwa, au watapitisha ng'ombe wao katika njia ile ile. Mabwana wawili wa kwanza wako mbele yake. Wa tatu hayupo, wala hajui kwamba anatumikiwa. Ndiyo maana ni rahisi kumsaliti.

Chukueni mfano wa ugonjwa wa miguu na midomo. Umeingia katika wilaya, karantini imewekwa, soko limefungwa. Ni mwezi wa Januari, shule zimefunguliwa. Anakuja mzee mmoja ofisini kwa kijana wetu. Ana madume manne, mnunuzi anangoja na lori, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mzee huyu hakuja na rushwa. Anasema tu: "Mwanangu, unanijua. Ulipokuwa ukisoma, nilitoa mbuzi wangu. Niandikie cheti cha kusafirisha ng'ombe hawa wanne tu."

Atajibu nini kijana? Akikataa, ataitwa asiye na shukrani. Akiandika, lori litapita katika tarafa tatu, na kila litakaposimama huenda litaacha ugonjwa. Majirani ambao hawatajua kamwe uliingiaje watakosa maziwa na soko kwa miezi. Naye tangu siku hiyo sahihi yake ina bei, na habari za bei husafiri upesi kuliko lori.

Vijana wangu, mwambieni mzee huyo hivi: "Baba, ni kweli nina deni kwako, nami nitalilipa maisha yangu yote. Nitakuja usiku ng'ombe wako akishindwa kuzaa. Nitakwenda nawe kwa mwalimu mkuu kuomba mtoto asubiriwe. Lakini sahihi hii si yangu nikupe. Niliwekewa amana na watu wote." Semeni kwa upole, mkiwa mmesimama kwa heshima, wala msiinue sauti. Lakini msiandike.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, maana ni wa roho za watu. Mtaitwa kwa ng'ombe aliyekufa ghafula, tumbo limevimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma. Mkifika mtakuta visu vimekwisha kunolewa, kwa kuwa nyama ni haba na watu wana njaa. Huenda hicho ni kimeta. Mzoga huo usipasuliwe, hata na ninyi. Vijidudu vyake vikipata hewa hujifunika gamba gumu na kukaa udongoni miaka makumi. Simameni mbele ya visu na mkataze. Mzoga uteketezwe kabisa kwa moto, au ufukiwe mahali pale pale katika shimo la kina cha mita mbili au zaidi. Ofisi ya kaunti na zahanati ziarifiwe siku ile ile, na wanyama waliobaki wachanjwe. Mtatukanwa. Mtaambiwa mnataka nyama muile wenyewe. Vumilieni, maana kesho yake hakuna maziko.

Kabla sijawageukia wazee, neno moja juu ya nafsi zenu. Msiingie kazini bila kuchanjwa ninyi wenyewe dhidi ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa dalili zake zikikwisha kuonekana kwa mtu karibu hakuna aponaye. Mkiumwa na mbwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika kumi na tano, kisha mwende hospitali hata kama mlichanjwa. Msitoe kondo la nyuma wala ndama aliyetupwa kwa mikono mitupu. Bruselosi na homa ya Bonde la Ufa hupita hapo. Msione haya kuvaa glavu mbele ya mzee aliyezoea kufanya kazi hiyo bila glavu.

Ulindeni moyo pia. Mtapoteza wanyama. Mtarudi nyumbani saa nane ya usiku na matope, mkijua ya kuwa ng'ombe aliyekufa alikuwa mali yote ya mjane. Katika kazi hii, hapa na ng'ambo, wako vijana hodari walioelemewa na mambo kama hayo kwa sababu walinyamaza. Kila mmoja wenu ajipatie daktari mmoja mkubwa wa kumpigia simu, hata usiku, asiyemcheka. Pigianeni na ninyi kwa ninyi. Pumzikeni siku moja katika juma. Ng'ombe wa wilaya hawataisha.

Waheshimiwa Wazee, sasa zamu yetu. Nimewataka vijana hawa mambo magumu, na haki yataka sisi nasi tufanye ya kwetu. Nayaleta manne.

Kwanza, tuwaite mapema. Tusimwite daktari siku ya nne, baada ya dawa ya duka, ya jirani na ya mpita njia kushindwa, kisha tukasema yeye ndiye aliyeua ng'ombe.

Pili, tuwalipe. Kijana wetu hunua dawa kwa fedha taslimu. Tukimlipa kwa baraka peke yake, mwakani atafunga ofisi na kwenda kuuza bima mjini, nasi tutabaki na baraka zetu na ng'ombe wagonjwa.

Tatu, tuwasaidie katika kazi ya wote. Mwaka 2014 nchi yetu iliweka mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Ili ugonjwa huo ukatike, yapasa mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Daktari hawezi kuwakusanya mbwa wa kata nzima. Mzee wa kijiji aweza, mwalimu aweza, kanisa na msikiti vyaweza. Siku ya chanjo itangazwe na Chama hiki, na kila mwanachama alete mbwa wake wa kwanza.

Nne, na hili ndilo kubwa: tusidai karo yetu kwa njia ya mlango wa nyuma. Tulipotoa mbuzi zetu hatukununua sahihi. Tulitaka nchi yetu iwe na mtu ambaye akisema "nyama hii ni safi," mama aipike bila hofu. Na akisema "msiile," visu virudi alani. Siku kijana atakapotukatalia jambo lisilo halali, na tukatoka ofisini kwake tumekasirika, tujue ya kuwa siku hiyo ndiyo tuliyopata faida ya fedha zetu. Tena mzee mmoja akimlaumu barazani, mwingine asimame na kusema: "Kijana alitenda haki." Bila sauti hiyo moja, kijana hatadumu miaka miwili.

Naomba basi, Bwana Mwenyekiti, jambo hili la nne liandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu, ili kijana yeyote atakayesumbuliwa aweze kufungua kitabu hiki na kuonyesha ukurasa.

Na ninyi vijana, nendeni salama. Mvua ikinyesha na simu ikilia usiku, mwende. Mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui. Mkiombwa msichopaswa kutoa, kataeni kwa adabu. Mungu awabariki katika kazi yenu, na mifugo ya nchi hii ipone mikononi mwenu.